Mtoto wa Mhamiaji: Ni Mgeni au Ni Mwenye Haki?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake. Ama baada ya haya:

Tumeletewa suali na ndugu yetu mmoja Mwislamu akaaye Suna, katika nchi ya Migori. Asema kwamba wao wana chuo cha watoto wadogo kando ya msikiti wao, watoto wa miaka minne na mitano, ambao hufundishwa herufi, hesabu ndogo, adabu na michezo. Mwaka huu zimefika jamaa kadhaa kutoka ng'ambo ya mpaka, nazo zaleta watoto wao mlangoni. Baadhi yao ni Waislamu, baadhi si Waislamu, na wengine hawana vyeti vya kuzaliwa. Wazee wa chuo wamegawanyika. Wako wasemao wapokewe, na wako wasemao mgeni na angoje, watoto wa wenyeji kwanza. Na mzazi mmoja amekwisha kusema kuwa watoto hao wakiingia, yeye atamtoa mwanawe. Ndugu yetu atuuliza: je, kuwapokea watoto hawa ni hisani, ambayo aitendaye hulipwa na aiachaye hana lawama, au ni haki, ambayo aizuiaye ataulizwa mbele ya Mola wake?

Suali hili kwa umbo ni dogo, lakini maana yake ni kubwa, wala si la watu wa Suna peke yao. Kwa hivyo tumeona tulijibu hapa, wapate kulisoma na watu wa pwani.

Wengi wetu hatuijui Suna. Ni nchi iliyo kusini na magharibi mwa Kenya, si mbali na Ziwa Nyanza, na mji wake ni Migori. Jina lake limo hata leo katika majimbo mawili ya uchaguzi, Suna Mashariki na Suna Magharibi. Barabara kuu itokayo Kisumu yapita mjini hapo, ikashuka mpaka Isebania. Ukivuka hapo uko Sirare, nchi ya Tanzania. Wakurya wako pande zote mbili za mpaka, na Wajaluo kadhalika, wa Migori na wa Rorya. Huyu aoa kule, na yule azika huku.

Na mpaka wenyewe, ndugu msomaji, usidhani kuwa huujui. Ni ule ule uuonao Lungalunga na Vanga. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya, wakapiga mstari kuanzia mlango wa mto Umba hapa kwetu, wakaupindisha kuuzunguka mlima Kilimanjaro, kisha wakaunyosha hata ukafika ufuo wa mashariki wa Ziwa Nyanza, katika digrii moja kusini mwa Ikweta. Ncha moja ya kamba iko mlangoni petu na ncha ya pili iko mlangoni pao. Mdigo wa Vanga mwenye shangazi yake Moa, na Mkurya wa Isebania mwenye mjomba wake Tarime, wote wawili wamefungwa kwa kamba moja. Basi anayesema kuwa mtoto wa Tarime ni mgeni Suna, na aseme pia kuwa mtoto wa Moa ni mgeni Vanga. Nasi twajua kuwa hakuna mtu wa Vanga asemaye hivyo.

Tena tutazame hao wanaoitwa wenyeji. Wasuna, ambao nchi ile yaitwa kwa jina lao, huhesabiwa katika jamaa za Abasuba, watu wa asili ya Kibantu waliohamia pande zile za ziwa, wakakaa na Wajaluo, wakaoana nao, hata Kijaluo kikawa ndiyo lugha ya nyumba zao. Katika visiwa vya Mfangano na Rusinga wako bado wanaokisema Kisuba, lakini lugha hiyo leo huhesabiwa miongoni mwa zile zilizo katika hatari ya kupotea. Mwenyeji wa leo, basi, ni mhamiaji wa jana aliyepokewa. Na Waislamu wa pande zile nao ni hivyo hivyo. Kendu Bay, bandari ya zamani ya ziwani katika nchi ya Homa Bay, ilifikiwa na wafanya biashara wa pwani, wa Kiarabu na wa Kihindi, na Wajaluo wengi wa pale wakasilimu. Lau mlango ungalifungwa siku ile mbele ya mgeni, nani angalisoma shahada Kendu Bay?

Nasi wa pwani tusijitoe. Kwale wako Wamakonde ambao babu zao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge. Walikaa, wakazaa, wakazika, na hawakukubaliwa kuwa raia wa Kenya ila mwaka 2016. Wako pia Wapemba waliovuka bahari wakakaa katika ufuo wa Kwale na Kilifi, ambao kukubaliwa kwao kulikuja mwaka 2023. Kabla ya miaka hiyo watoto wangapi walikaa nje ya darasa kwa kukosa karatasi, ilhali Mwislamu jirani yake aliwapita kila asubuhi akienda kumpeleka mwanawe? Aliwaamkia vizuri, bila shaka. Pengine aliwapa sadaka mwezi wa Ramadhani. Lakini hakuona kuwa wana haki.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha suali. Sisi Waswahili twajisifu kwa ukarimu, na sifa hiyo si ya uwongo. Mgeni akija hutandikiwa mkeka mpya na kuku huchinjwa. Lakini ukarimu una mpaka wake. Katika hadithi iliyo sahihi tumefundishwa kuwa ugeni ni siku tatu, na yanayozidi hapo ni sadaka. Na wazee wetu wasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maneno hayo ni ya kweli na ya hekima. Lakini tazama natija yake. Ukimwita mtoto huyu mgeni, umekwisha kumwekea siku tatu. Baada ya hapo kila siku anayokaa darasani ni sadaka yako kwake, na sadaka mwenye kuitoa aweza kuizuia, na mwenye kuipokea hana budi kuinamisha kichwa. Mtoto hasomi akiwa ameinamisha kichwa. Mtoto ajuaye kuwa kiti alichokalia ni cha hisani hukikalia nusu, akingoja kuinuliwa.

Kwa ajili hiyo Mtume (S.A.W.) alipofika Madina mwaka 622 hakuwaacha Muhajirina wakawa wageni wa Ansari. Aliwafunga undugu, mmoja mmoja, kwa majina yao. Undugu huo haukuwa maneno ya mdomoni. Hapo mwanzo hata walirithiana kwao, mpaka ilipoteremshwa hukumu ya kurudisha urithi kwa jamaa wa damu. Na Mwenyezi Mungu katika Suratil Hashri amewasifu Ansari kwa kuwapenda waliohamia kwao, na kuwatanguliza juu ya nafsi zao ingawa wao wenyewe walikuwa na haja. Tunajua pia habari ya Saad bin Rabii, aliyemwambia Abdurrahman bin Auf achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akataka jambo moja tu: aonyeshwe njia ya sokoni. Aliyehama hataki kulishwa maisha yake yote; ataka njia. Na njia ya sokoni kwa mtoto wa miaka minne ni mlango wa darasa.

Kisha kuna jambo jingine ambalo wazee wa chuo wamelisahau. Mtu mzima huhama kwa hiari yake au kwa kulazimika, na yaweza kusemwa kuwa amekosa kwa kuvuka bila ruhusa. Lakini mtoto hakuhama, alichukuliwa. Alibebwa mgongoni akaamka yuko Suna. Yeye si mukallafu, kalamu haijamwandikia dhambi hata moja, na asili katika dini yetu ni kwamba hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Basi kwa hukumu gani mtoto wa miaka minne ataadhibiwa kwa kosa la mpaka ambao hata wazee wake hawakuuweka?

Kwa hayo twasema, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi: kufundishwa ni haki ya mtoto iliyo juu ya watu wa pahali anapoishi, si hisani yao. Mwenye uwezo akiizuia, ataulizwa.

Sasa tuzitazame hoja za wanaopinga, kwani si haki kuwadharau.

Hoja ya kwanza ni uchache wa nafasi. Hoja hii ina uzito. Mwalimu mmoja hawezi kuwatazama watoto wadogo wengi kupita kiasi, na kuwarundika ni kuwadhulumu wote. Lakini nafasi zikiwa chache, zigawanywe kwa zamu ya kufika, si kwa pahali pa kutoka. Aliyetangulia kuandikishwa na aingie. Aliyechelewa na angoje, awe ni mtoto wa imamu au ni mtoto wa mchimba dhahabu. Tena wazee na wajiulize: je, nafasi ni chache kweli, au ni mifuko iliyofungwa? Katika miji yetu ya Waislamu twamwona mtu akitumia kwa arusi ya mwanawe fedha ziwezazo kuezeka banda la darasa na kumlipa mwalimu kwa miezi mingi. Kisha akiombwa mikeka ya chuo asema hali ni ngumu. Karamu huliwa siku moja ikasahauliwa, na banda lingalisimama.

Wala kazi hii haitaki mali nyingi. Katika miaka ya 1980 Waislamu wa pwani waliona kuwa watoto wao wabaki nyuma katika masomo, wakapeleka haja yao kwa Aga Khan. Mwaka 1986 kazi ikaanza Mombasa kwa uongozi wa Bi Swafiya Said: kuweka madarasa ya watoto wadogo katika madrasa za mitaani, walimu wakiwa ni wanawake wa mitaa hiyo hiyo, na vifaa vya kuchezea wakivitengeneza wenyewe kwa vitu vya kienyeji vilivyoko karibu. Kazi hiyo baadaye ikavuka kwenda Zanzibar, kisha Uganda. Haikuanzishwa kwa majumba, ilianzishwa kwa mama wa mtaani aliyekubali kufunzwa na kufunza.

Hoja ya pili ni karatasi. Wasema kuwa mtoto asiye na cheti hawezi kuandikwa. Sisi hatumwambii mtu avunje sheria ya nchi; twamwambia aisome. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi. Imesema kila mtoto, haikusema kila mtoto wa raia. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza kumbagua mtoto atakaye kuingia shule kwa ajili ya kabila lake, dini yake, lugha yake au asili yake. Ni kweli kwamba cheti chahitajika, na mzazi hana budi kukitafuta. Lakini cheti kitafutwe hali mtoto yuko ndani, si mtoto akae nje mpaka cheti kipatikane. Mwaka mmoja kwa mtu mzima ni mwaka mmoja. Kwa mtoto wa miaka minne ni robo ya umri wake.

Hoja ya tatu ni dini. Wasema: hiki ni chuo cha msikiti, vipi aingie asiye Mwislamu? Twajibu kwa suali: Waislamu wa Suna ni wachache, na watoto wao wengi watasoma katika shule ambazo wengi wa wanafunzi na walimu ni Wakristo. Wangependa watoto wao wapokewe vipi huko? Masahaba walipoteswa Makka walivuka bahari wakaenda Habasha, wakakaa chini ya himaya ya Najashi, mfalme Mnasara. Huko walizaa. Abdullah bin Jaafar alizaliwa Habasha. Mtoto wa jamaa ya Mtume alianza kutembea katika nchi ya watu wa dini nyingine, na hakuna aliyemzuia. Basi deni hili tunalo tangu zamani. Mtoto asiye wetu na aingie, afunzwe kunawa mikono, kusema kweli, kungoja zamu yake na kumheshimu mkubwa. Asilazimishwe sala, wala wazazi wake wasifichwe yanayofundishwa. Akitoka na jina zuri la Waislamu moyoni mwake, hiyo nayo ni daawa.

Hoja ya nne ni lugha. Wasema watoto hawa hawajui Kijaluo wala Kiingereza, watawachelewesha wenzao. Ajabu! Mtoto atokaye Tarime au Musoma mara nyingi huja na Kiswahili kilichonyooka, ambacho wazazi wa Suna walipia fedha watoto wao wakijue. Aitwaye mzigo kumbe amebeba. Mwalimu mwenye akili atamfanya mtoto huyo awafunze wenzake majina ya vitu, nao wamfunze yao. Na katika Suratil Hujurati tumeambiwa kuwa faida ya kufanywa mataifa na makabila ni kujuana. Mwalimu naye na ajifunze maneno machache ya lugha ya mtoto: mama, maji, njoo, nyamaza, vizuri. Maneno matano yatosha kumtoa mtoto katika upweke.

Lakini twaongeza jambo, nalo ndilo lisahauliwalo kuliko yote. Anayepokewa si mtoto peke yake. Mtoto wa umri huu hana macho yake mwenyewe. Hutazama kwa macho ya mama yake. Mama akipokewa kwa uso uliokunjwa, mtoto huliona darasa zima limekunja uso. Twajua kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika sala na nia ya kuirefusha, akisikia kilio cha mtoto huifupisha kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa sala ya jamaa ilifupishwa kwa ajili ya moyo wa mama, mwalimu ana udhuru gani kumfukuza mama mlangoni kwa kuwa kengele imelia? Na amwache aketi siku za kwanza. Amwulize jina la mtoto hasa ni lipi, na jinsi ya kulitamka. Amwulize mtoto ala nini na hali nini, alala saa ngapi, aogopa nini. Siku ya mkutano wa wazazi awepo mtu wa kumfasiria. Na katika halmashauri ya chuo awepo mmoja wao, kwani anayesemewa daima hubaki mgeni.

Wala haitufai kuwaandikia watu wa Suna kama kwamba sisi ni wasafi. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo kimoja cha hapa pwani ambacho nasi tulikuwa tukifundisha, alikuja mama mmoja Mwislamu kutoka pande hizo hizo za Suna, mumewe amepata kazi mjini. Alileta kijana wake wa miaka mitano. Ulimi wa mtoto huyo, kama ndimi za Wajaluo wengi, haukuwa na shini. Mahali pa shini alisema sini. Siku ya tatu aliinuliwa asome, akasoma Sura ya Kureshi, na herufi hiyo ikamshinda tangu aya ya mwanzo. Darasa likacheka. Mwalimu akacheka. Nasi tulikuwako, tukatabasamu, wala hatukusema neno. Mama yake alikuwa bado amesimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi.

Kesho yake hawakuja, wala kesho kutwa. Tulipouliza tuliambiwa kuwa wamehamia mtaa mwingine. Ndipo tukakumbuka, na tumekumbuka mara nyingi tangu hapo, kuwa asomaye Qur'ani kwa taabu, ulimi ukimkwama, ameahidiwa thawabu mbili. Mtoto yule alikuwa na mbili, na sisi tuliocheka hatukuwa na hata moja. Na sura aliyoisoma ndiyo ile itajayo safari za watu na neema ya Mola kuwalisha wakati wa njaa na kuwapa amani wakati wa hofu. Yeye alikuja kwetu katika safari, na hakupata kwetu amani hiyo. Tulimkaribisha siku mbili kama mgeni, siku ya tatu tukamtoa, na jembe hatukumpa.

Kwa hiyo jibu letu kwa ndugu yetu wa Suna ni hili. Waandikeni watoto kwa zamu ya kufika kwao. Msiulize mtoto katoka wapi ila kwa kutaka kumjua. Asiye na cheti, msaidieni wazazi wake kukitafuta. Asiye Mwislamu, mlindeni kama mnavyotaka watoto wenu walindwe katika shule za wenzenu. Na yule mzazi aliyesema kuwa atamtoa mwanawe, msigombane naye. Mwendeeni nyumbani, mkamweleze kwa upole. Akikataa, mwambieni kuwa kiti cha mwanawe kitakuwako siku atakayorudi. Kwani haki tunayoidai kwa mtoto wa mhamiaji ni haki ya mtoto wake pia, na wala yeye mtoto hana kosa kwa maneno ya baba yake.

Na jibu letu kwa watu wa pwani ni fupi zaidi. Kesho asubuhi unapompeleka mwanao chuoni, tazama mlangoni. Ukimwona mama aliyesimama nje, hajui aingie au arudi, usimpite kwa salamu tu. Mwulize jina la mwanawe, kisha ingieni pamoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua na tuliyoyafanya hali tukijua, na atujaalie tuwe katika wale wanaowapenda waliohamia kwao. Amin.